Upanga wa Mjapani babu alirudi nao toka Burma, muuza vitu vya kale Arusha anasema feki

Kibosho_Juu:
Habari zenu wakuu. Babu mzaa baba alikuwa keya, yaani askari wa Kiafrika kwenye jeshi la Mwingereza, wakampeleka vitani Burma akarudi Moshi salama, ameshafariki kitambo. Juzi tunashusha vitu darini tubadilishe bati tukakuta upanga kwenye gunia. Mpini una rangi ya kahawia imebanduka, chini yake alumini tupu, ala ya chuma, na kwenye ubapa karibu na mpini pamegongwa namba, 1 2 3 za kawaida sio za kijapani. Nikaupeleka Arusha kwa jamaa anayeuza vitu vya kale, kautazama mara moja akasema feki la China, eti upanga halisi mpini unafungwa kamba, ila kama nataka atauchukua kwa hela ya nauli. Sasa kama feki anautakia nini? Wataalamu nisaidieni.

Dalali_wa_Mawe:
Mkuu usimpe. Huyo anaongelea panga za maofisa, hizo ndio mpini wa mbao umevikwa ngozi ya samaki taa halafu kamba zinapita juu. Za masajenti na makoplo ni nyingine kabisa, Wajapani walizitoa 1935, wakaziita Type 95, zilitengenezwa kiwandani kwa mashine na mpini ulimiminwa kwenye kalibu ukapakwa rangi ufanane na uliofungwa kamba. Za mwanzo shaba, baadaye alumini, vita ilipowabana wakamalizia na mbao. Na namba za kawaida ndio zenyewe, ni namba ya kiwandani. Kwa hiyo huo mpini aliouita kasoro, pamoja na hizo namba, ndio vinavyonifanya nisogeze kiti.

Meku_Mbishi:
Taratibu wandugu. Wachina nao wanajua hayo yote, Type 95 feki zimejaa mitandaoni na alumini yake na namba yake. Tazama ule mpini vizuri, feki yale maalmasi ya kamba yamelala, hayana kina, kama yamepakwa tu. Namba za feki zimegongwa hovyo, moja juu moja chini. Halafu kuna kile kilimi cha kufungia upanga usichomoke kwenye ala, ukiingiza lazima kishike, kwenye feki nyingi kinacheza au hakifanyi kazi kabisa. Na pale mpini unapokutana na kisahani cha kukinga mkono tafuta mihuri midogo ya kiwanda, azima lenzi kwa hao madalali wa tanzanite.
Stori ya babu ni nzuri ila stori haigongi muhuri.

Mama_Ndizi:
Sisi wetu mjomba alikuwa anakatia majani ya ng'ombe mpaka ukakatika 😂😂

Msomaji_Old_Moshi:
Stori ya babu lakini inaingia akilini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndio iliwasukuma Wajapani bonde la Kabaw mpaka Kalewa, huko huko Burma, 1944, na kulikuwa na keya wengi wa Tanganyika. Japan iliposalimu amri 1945 Mountbatten, kamanda mkuu wa washirika upande ule, alisisitiza maofisa wa Kijapani wakabidhi panga zao hadharani, kwa hiyo panga zilizagaa kule. Mwenye upanga wa ofisa ndio achomoe kile kijiti cha mwanzi atoe mpini, aangalie ule mkia wa chuma wa ndani. Kutu iwe nyeusi na imetulia, ya rangi ya chungwa inayotoka na kidole ni ya juzi. Kukiwa na mwaka wa Showa, ile hesabu ya miaka ya mfalme wao Hirohito, ongeza 1925, Showa 17 ni 1942. Na lile wimbi linalopita kandokando ya makali, la feki lililotiwa kwa tindikali linakaa juu juu kama limechorwa. Ukiona dragoni amechongwa kwenye ubapa, mimi hapo naanza kucheka.

Kibosho_Juu:
Nimerudi. Kilimi kinashika vizuri mpaka unakibonyeza ndio kinaachia, ubapani kuna mfereji pande zote, mihuri ipo midogo midogo. Ila namba ya mdomoni mwa ala haifanani na ya upanga. Hapo nimeisha? Na dogo ananunua msasa saa hizi asugue kutu.

Dalali_wa_Mawe:
MZUIE HUYO DOGO SASA HIVI. Mafuta mepesi ya mashine na kitambaa laini basi, msasa ukishapita hata mnunuzi wa kweli anakimbia. Namba kutofautiana hakufanyi upanga uwe feki, panga zikirundikwa pamoja ala zinachanganyika, ila bei itashuka, hilo usibishane nalo.

Meku_Mbishi:
Kwa maelezo hayo nami naanza kulegea. Piga picha ya namba na mihuri kwa karibu, mwanga wa pembeni, utupie hapa. Na usidanganywe na mtu wa kuupeleka Japan, za kiwandani kama hiyo sheria yao haizisajili, utanyang'anywa mlangoni. Wanunuzi wake wako Marekani na Ulaya.

Kibosho_Juu:
Dogo nimemkuta kwenye bodaboda, msasa umerudi dukani. Picha kesho mchana nikipata jua.