Mama ameacha dawa ya presha na kliniki hawajui

Binti wa Muheza:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 63, presha iligundulika 2019. Kila mwezi anakwenda kliniki na kurudi na enalapril. Jana nimefika Muheza kumjulia hali, nikakuta vidonge vya miezi minne kwenye kopo juu ya kabati, bado vimo kwenye bahasha zake. Nilipombana akasema vilikuwa vinamkohoza usiku kucha, kikohozi kikavu, na alipoviacha kikaisha. Mbona hukusema? "Nitamwambiaje daktari kuwa dawa yake mbaya?" Akiulizwa kule anajibu, "Nakunywa." Mwezi uliopita alikutwa na 178 kwa 104, wakamwongezea dozi! Alhamisi ndiyo siku yake. Naogopa atafokewa mbele za watu, yeye ni mtu wa haya sana. Nianzeje?

Nesi wa zamu:
Pole mdogo wangu. Mama hadeki. Enalapril, captopril na lisinopril huwaletea baadhi ya watu kikohozi hicho hicho. Daktari anaweza kumbadilishia, mara nyingi losartan, ambayo ni nadra kukohoza. Ila asipojua ukweli, ataona presha iko juu na kuongeza dozi, na siku mama akiamua kuinywa yote, inaweza kushuka ghafla akaanguka. Usingoje Alhamisi, nendeni kesho na kopo lenu. Akiumwa kifua, kichwa kikali au macho kuona ukungu, wahini hospitali saa hiyo hiyo.

Babu wa Pangani:
Marahaba mwanangu. Mimi na sukari huu mwaka wa 14. Metformin ilinivuruga tumbo, nikaona aibu kusema habari za choo mbele ya daktari msichana. Nikawa naruka siku. Niliposema, aliniuliza tu naimeza saa ngapi. Kumbe nilikuwa naimeza kabla ya kula! Akanipunguzia, nikaanza kumeza pamoja na chakula, tumbo likatulia. Mwombe nesi wa mapokezi mzungumze pembeni kwanza. Na mwache mama aseme mwenyewe, wewe kaa karibu.

Binti wa Muheza:
Tumerudi sasa hivi. Nesi alituweka chumba cha pembeni. Mama alilitoa kopo kwenye khanga, akaliweka mezani bila neno. Daktari akatazama bahasha moja moja, akasema, "Asante kwa kuvileta, mama." Basi mama akafunguka, hadi papa ng'onda wa chumvi wa kila jioni akamtaja! Wamempima figo, wamempa losartan, turudi baada ya wiki mbili na vipimo vya nyumbani. Jirani ana mashine. Apimwe vipi?

Nesi wa zamu:
Nimefurahi mno. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Akae dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asizungumze. Pima mara mbili, uandike zote, hata zile zitakazokutisha.