Naomba ushauri: avansi ya fundi wa paa, Goma

Ndugu zangu, nataka kubadilisha mabati ya nyumba huku Himbi. Fundi anadai avansi ya nusu ya devi nzima (makadirio ya gharama), vifaa ndani. Mimi naona heri ninunue vifaa mwenyewe: mbao, misumari ya bati, na mabati BG 28 (BG ni kipimo cha unene wa bati; BG 32 ni nyembamba, usidanganyike na namba kubwa). Yeye nimlipe kazi tu: 20% akianza, 30% mbao zikikaa, 30% mabati yakiisha kupigwa. 20% iliyobaki ingoje mvua kubwa mbili, maana mabati yasiyopandana vizuri huvuja hapo ndipo ujue.

Mafundi wa hapa hukubali kungojea hiyo 20% ya mwisho? Na mkataba, mashahidi wawili wanatosha ao shefu wa avenyu naye asaini?