Ushauri: vitufe vya kati vya kinanda cha Juno-106 cha marehemu mjomba havilii mpaka uvigandamize

BintiNgamiani
Wakuu, salaam. Marehemu mjomba wangu alipiga taarab maharusini hapa Tanga kwa Roland Juno-106, ile analojia ya 1984 yenye vitufe 61. Tangu atutoke, kinanda kimekaa kabatini miaka saba, nyumba yenyewe hatua chache kutoka baharini. Juzi nimekiwasha, nikalia. Sauti ni ileile.

Lakini D, F na A za kati hazilii mpaka nigandamize kwa nguvu, wakati za pembeni ni nzima kabisa. Tena E moja inagonga chini, tak, kama kijiko kwenye sahani. Fundi mmoja mjini anataka kukwangua kaboni kwa msasa. Nimesita. Nisaidieni kabla sijaharibu.

FundiWaRedio
Pole kwa msiba, dada. Huo msasa usiuruhusu! Ile nyeusi kwenye bodi ni utando mwembamba wa kaboni, na ndio njia yenyewe ya umeme. Ukishakwanguka haurudi. Msasa hata kwenye vinanda vya zamani zaidi, vyenye waya za chuma badala ya mpira, ni hatari, maana unaondoa ule utando wa juu unaozuia kutu.

Kwanza hakikisha tatizo ni kitufe, si sauti. Kinanda hicho kina sauti sita (yaani saketi sita za kutoa mlio) zinazopokezana. Kiwashe huku umeshikilia swichi ya Key Transpose, kisha bonyeza ya Poly 1: skrini itakuonyesha namba ya sauti inayolia. Gonga kitufe kimoja kizima mara kumi na mbili. Ukikuta namba moja inanyamaza kila inapofika zamu yake, ugonjwa uko kwenye chipu ya sauti, na kusafisha vitufe hakutakusaidia.

BintiNgamiani
Nimejaribu. Zote sita zinalia. D inakataa hata zamu iwe ya nani.

FundiWaRedio
Basi ni mpira. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cha mpira wenye kaboni. Ukibonyeza, kinaunganisha njia mbili kwenye bodi. Vumbi, chumvi ya bahari na mafuta ya vidole vimeweka utando hapo. Za kati zimeumia zaidi kwa sababu ndizo zilizopigwa zaidi.

Chomoa waya ukutani, fungua, piga picha kila hatua. Springi za nyuma ya vitufe zitoe kwa ndoano, usizivute kwa koleo. Bodi ipanguse taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi simu. Mpira uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, uache siku nzima ukauke kivulini. Thina usiiguse, inayeyusha plastiki ya vitufe.

Mvita_Kinanda
Naongezea. Kama D bado itagoma, na mpira wenyewe si mmoja mrefu bali ni wa vipande vinavyotoka, hamishia kipande cha kati kule juu kabisa, cha juu kije katikati. Mimi nilifanya hivyo, mpaka leo napiga. Risasi ya penseli watu wanaipaka kwenye mpira ili upitishe umeme, inashika wiki mbili tatu kisha inaanguka unga ndani.

Hiyo E inayogonga ni felti ya chini (kile kitambaa kinene kinachopokea kitufe) imeliwa. Pima unene mahali ambapo haijaliwa, ukate nyingine sawasawa. Ikizidi unene, kitufe hakitafika chini na utadhani mpira umekufa tena.

Sauti_Ya_Pwani
Dada, angalia kibandiko cha nyuma kabla ya yote. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinakula volti 100. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme wetu. Na betri ndogo ya ndani inashika sauti alizohifadhi mjomba. Ziokoe kwenye kaseti kabla ya kuibadilisha.

BintiNgamiani
Mrejesho. Kibandiko kinasema 240. Sauti zake nimezirekodi kwenye kaseti, moja aliiandikia kwa penseli pembeni ya paneli: "fidla 3". Mpira wa kati ulitoa maji ya kahawia mara mbili kabla hayajawa meupe. F na A zimeamka palepale. D ilihitaji kubadilishiwa kipande, sasa inalia hata kwa kidole kidogo. Felti ya E naifuata Jumamosi.

Asanteni sana. Mama ameomba nimpigie ile ya fidla jioni hii.