Mbao 14 za 2x4 nimelipia, mti niliopewa ni wa mbao 10

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nimekaa na hasira hii siku nane nikidhani itapoa. Haijapoa, na leo nimeamka nikakuta mlango umejipinda zaidi, kwa hiyo naileta hapa.

Mimi ni mwalimu huku Mufindi. Siku tano ni za shule, Jumapili ni ya kanisa, Jumamosi ndiyo siku pekee ya kazi za nyumbani. Jumamosi ya wiki iliyopita niliipanga tangu mwezi mmoja kabla: kutengeneza mlango mpya wa stoo ya mahindi na kumjengea ndama kizizi chake, kwa sababu baridi ya Julai huku inaua ndama na cha zamani kimeoza nguzo. Tumepukuchua magunia 19. Stoo bila mlango ni kuwalishia panya na wezi.

Hela ya mbao ilitokana na viazi, na hapo ndipo panaponiuma. Viazi nimeuza kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kama kila mkulima wa nyanda hizi. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia lake lenye kilemba, ukikataa anahamia kwa jirani. Nimekubali kwa sababu nilihitaji mbao. Nikaenda Mafinga, nikalipa taslimu mbao 14 za mbili kwa nne na 16 za moja kwa nane, zote futi 12. Nikaambiwa ni kavu na zimepigwa dawa. Kirikuu ikazishusha Ijumaa jioni gizani.

Jumamosi saa 11 alfajiri nimekamua, ukungu umefunga hata banda la kuku silioni. Nimepasua kuni za miwati, nimekata majani ya ng'ombe, nimechota maji. Saa 3 nikatoa randa ya marehemu baba na msumeno, kijana wangu akishika upande wa pili.

Randa ikakataa. Maranda yanatoka yameshikana, yamelowa kama majani ya chai yaliyochujwa, yanaziba mdomo wa randa kila hatua mbili. Nikasema labda ubao huu ulinyeshewa. Nikachukua wa pili, wa tatu, yale yale. Nikapiga msumari wa inchi 4 kwenye nguzo ya kizizi, maji yakachuruzika pembeni mwa msumari. Kijana akaniuliza, "Baba, hizi si ulisema kavu?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nikachukua futi kamba. Mbili kwa nne ni inchi, yaani milimita 50.8 kwa 101.6. Yangu ikasoma 42 kwa 88. Nikapima zote 14. Upande mpana hakuna hata mmoja uliofika 92, wala hakuna ulioshuka chini ya 85. Wastani ndio huo 88. Zidisheni wenyewe: niliyolipia ina eneo la milimita za mraba 5,161, niliyopewa ni 3,696. Ni asilimia 72 hivi. Kwa mbao 14, mti uliofika nyumbani kwangu ni wa mbao 10. Nne zimebaki kwa muuzaji na hela yake nimempa.

Na si suala la hela peke yake. Ubao uliosimama kwa upana wake, nguvu yake ya kutopinda inafuata kimo kikizidishwa mara tatu chenyewe kwa chenyewe. Ukifanya hesabu hiyo, mbao zangu zina kama nusu tu ya ugumu wa mbili kwa nne halisi. Mtu akipigia kenchi mbao za namna hii kwa vipimo alivyochorewa na fundi, paa lake linabebwa na mbao zenye kama nusu ya ugumu aliokusudia. Kuna watu wanalala chini ya mapaa hayo.

Nikampigia muuzaji. Alikuwa na heshima tele, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike uzi huu:

"Mwalimu wangu, mbao ikikauka inasinyaa. Hilo hata wewe unalijua."

Naam, nalijua. Ndiyo maana nikakata kipande cha futi mbili kasoro, nikakipeleka kwenye mizani ya duka: gramu 1,640. Nikakiweka juu ya dari la jiko, kwenye moshi na joto, mpaka Ijumaa hii. Gramu 910. Maji gramu 730 yametoka kwenye kipande kimoja, yaani maji yalikuwa asilimia 80 ya uzito wa mti wenyewe, na sidhani kama kimekauka kabisa. Sasa wanajukwaa sikilizeni vizuri: mti hausinyai mpaka maji yake yashuke chini ya takriban asilimia 30. Juu ya hapo yanayotoka ni yale yaliyojaa kwenye vijitundu vya mti, na ubao unabaki na unene wake ule ule. Mbao yenye asilimia 80 haijaanza kusinyaa hata kidogo. Kwa hiyo hizi 42 kwa 88 zilipasuliwa hivyo zikiwa mbichi, na kusinyaa kwenyewe kunakuja bado, kwenye mlango wangu. Hawezi kuniuzia mbichi halafu akajitetea kwa ukavu.

Wengine watasema ni mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, msumeno wake ni mnene na unayumba. Nazijua, ziko kila bonde huku. Lakini msumeno unaoyumba hukosea huku na huku, ungenipa nyingine 106 na nyingine 95. Huu umekosea mara 14 na mara zote kwa faida ya muuzaji.

Mchana akapita mzee jirani, seremala wa siku nyingi, aliyenifundisha kuchonga ulimi na tundu nikiwa kijana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nani kakupa hizi?"

Akaokota kipande, akakigeuza kichwa, akahesabu pete kwa kucha. Saba. Kila moja pana, na kiini cha mti kiko katikati ya ubao. Akasema, "Mti huu ungekuwa mtoto, ndiyo kwanza ungemwandikisha darasa la kwanza." Akanieleza kwa nini zitanisumbua: mti karibu na kiini ni laini, na ukikauka unasinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mti uliokomaa karibu haulifanyi. Ndiyo maana ubao wenye kiini unapinda kama upinde hata ukiupigia misumari kumi.

Paini ya kupasua mbao nzuri inataka miaka 18 na zaidi. Nyumba ya baba iliezekwa 1994 kwa paini ya shamba la miti la Sao Hill, kenchi zimenyooka hadi leo, ukipiga msumari lazima utoboe kwanza. Najua kwa nini wakulima wadogo wanakata mapema. Nami nina ekari moja ya paini, ina miaka minane, na wanunuzi wameshakuja mara mbili na hela mkononi, wakati ada ya mtoto inadaiwa na moto wa Septemba unanisubiri. Simlaumu mkulima mwenzangu. Mti mchanga una kazi zake, uuzwe kama mti mchanga, kwa bei yake. Namlaumu anayeuchanganya kwenye fungu moja na ule uliokomaa na kuniambia ni mbao ile ile.

Kisha dawa. Rangi ya kijani nzuri kabisa nje. Nilipokata, ndani peupe. Kijani hakikufika hata milimita moja, na mikono yangu yenye unyevu ikabaki na rangi. Dawa halisi ya kijani, ile ya shaba, kromu na aseniki, inaingizwa kwenye mtungi kwa mgandamizo, na mbao lazima iwe imekauka kwanza, kwa sababu mti uliojaa maji hauna pa kuiweka dawa. Paini changa karibu yote ni mti mweupe unaokunywa dawa vizuri. Ingekuwa imepigwa kweli ningeikuta imezama ndani sana. Hii imepakwa. Imepakwa nini, sijui, na hilo linanitisha kuliko mengine yote. Jioni nilimkuta mama anaokota vipande aongezee moto wa ugali. Nikamwambia, "Mama, hivyo naomba usichome." Kama ni dawa kweli, aseniki, ambayo ni sumu, inatoka na moshi na inabaki kwenye jivu, na jivu hilo mama analipeleka bustanini. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kuni gani za kununua halafu hazichomwi?" Na ndama naye siku nzima alikuwa analamba nguzo mpya.

Niliumaliza mlango saa 12 jioni kwa sababu hakukuwa na namna. Leo mbao zake zimeachana, kidole kinapita katikati, na kona ya juu imetoka nje inchi moja na nusu. Komeo halifiki kwenye tundu lake. Wiki hii ningeweza kuupasua na kuanza upya, ila sina mbao nyingine na viazi vimekwisha.

Jumatatu baada ya vipindi naomba ruhusa niende Wakala wa Vipimo na ubao mmoja begani. Sheria ya Vipimo, Sura 340, haikuandikwa kwa ajili ya mizani na pampu za mafuta tu. Aliyewahi kufikisha malalamiko ya mbao huko aniambie alitakiwa kubeba nini, risiti yangu imeandikwa "mbao 30" basi, bila kipimo wala jina la mti. Na kama kuna mtu wa Mafinga, Makambako au Njombe anayejua uwanja ambapo mteja anaruhusiwa kuweka futi kamba na kukata kichwa cha ubao kabla ya kulipa, nielekezeni hapa hapa, nitasafiri.

Mahindi yapo sebuleni, magunia 19, watoto wanapita juu yake kwenda kulala.