Mtungi wa gesi ya kupikia una kimiminika. Wa gari je?

Swali: Mtungi wa jikoni ukitikiswa unasikia kimiminika. Kwa nini mtungi wa gari la gesi asilia hauna?

Jibu: Ya jikoni ni propani na butani. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, mgandamizo wa baa 9.5 hivi unatosha kuigeuza propani kuwa kimiminika, butani, 2.5 tu. Gesi asilia ni methani hasa: ikizidi nyuzi −82 haigeuki, hata uibane vipi. Kwenye gari hubaki gesi, baa 200.

Jibu: Ndiyo maana gesi asilia melini hupozwa hadi nyuzi −162, iwe kimiminika. Na jamani, mtungi wa jikoni usijazwe kupita asilimia 85! Kimiminika hutanuka kikipata joto. Kikikosa nafasi, mgandamizo hupanda ghafla.

Jibu: Wala usiulaze unapopika, kimiminika kitaingia kwenye regyuleta (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi inayotoka) na moto utalipuka juu.