Tupeane uzoefu: Tabia za punda wa Lamu na anayependwa na mpandaji

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Maulidi ya Mfungo Sita yakikaribia, vijana wetu huanza kuulizana ni punda yupi atakayefaa kwa mashindano, na wengi hutazama kifua na miguu peke yake. Kwa maoni yangu, tabia ndiyo ya kutazamwa kwanza. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa mnyama wake.

Mimi nampendelea punda mtulivu ambaye masikio yake hayatulii, sikio moja likielekea mbele na jingine likimgeukia aliyempanda, kwa sababu huyo anaiangalia njia na bado anamsikiliza mtu. Farasi akiogopa hutimua mbio, lakini punda aghalabu husimama kwanza akapima hatari, nasi kwa haraka zetu tukamwita mkaidi. Wangu aliwahi kugoma mdomoni mwa kichochoro kilichofurika maji ya mvua: alikita miguu ya mbele, akashusha pua hadi karibu na maji, akawa anavuta pumzi kwa nguvu. Nilishuka nikamshika shingo bila kumvuta, naye alipokwisha kuridhika akavuka mwenyewe. Ningalimpiga, angalijifunza kwamba mahali pale pana maumivu, na kesho yake angaligomea mbali zaidi.

*Mchangiaji wa Shela:*
Waalaykum salaam. Katika mashindano mimi nilipenda dume asiyehasiwa, kwa kuwa ana kasi na hapendi kupitwa. Tatizo lake ni kwamba akinusa jike aliye katika joto huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu na kuanza kulia, na hapo fimbo wala sauti ya mpandaji haimrudishi. Sasa nimehamia kwa maksai, yaani dume aliyehasiwa. Pengine ana mwendo mdogo kidogo, lakini katika njia iliyojaa watu namwamini.

*Mchangiaji wa Langoni:*
Sisi tunaobeba mchanga na mawe tunahitaji tabia nyingine kabisa, yaani punda anayekubali kusubiri huku shogi, yaani mfuko wa mizigo wa mgongoni, likipakiwa. Ningependa kuongeza jambo ambalo wanunuzi hulisahau: punda hushikamana sana na mwenzake. Jirani yangu aliuza mmoja kati ya wawili waliozoeana, na aliyebaki akawa anasimama mlangoni akilia na kuacha majani yake. Hilo si deko, kwani punda anayeacha kula huweza kujaa mafuta katika damu na kufa, kwa hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema. Anayeweza awanunue wote wawili.

*Mchangiaji wa Shela:*
Nakubaliana nawe, ndugu yangu. Na kwa mtoto anayejifunza, mtafutieni jike mzee aliyezoea vichochoro vya mjini na pikipiki. Kasi ataitafuta baadaye.