Mrejesho: Kucheza michezo ya wahusika na wanangu

Niliuliza nifanyeje, maana wanangu wa miaka 6 na 9 walikuwa wanagombana kila tukicheza Dungeons & Dragons (mchezo wa hadithi ambao mmoja anasimulia na wengine wanaigiza wahusika wao), na mdogo alilia sana mhusika wake alipokufa. Asanteni kwa ushauri, umenisaidia mno.

Kitabu cha kanuni nimekiweka kando. Tunatumia dadu moja tu ya pande 6: ikitoka 4 au zaidi, umefaulu, ikipungua, hadithi inageukia njia nyingine, hakuna kufa. Hapo nafasi ni nusu kwa nusu, na hata mdogo anaielewa.

Jana walikuta joka amelala akiziba mlango wa pango. Mkubwa akachomoa upanga. Mdogo akamshika mkono: "Ngoja, tumuulize kwanza kwa nini analia." Sikuwa nimesema joka analia! Nikakubali papo hapo. Akarusha dadu, ikatoka 5, wakaruka wote wawili kwa furaha. Kumbe joka ana mwiba mguuni. Asubuhi nimemkuta mkubwa anachora ramani ya pango, na pembeni kaandika jina la mdogo wake: tabibu wa joka.

Nani aanze, bado wanagombania. Kwa sasa tunapokezana.